Hatua Arobaini Kabla ya Kilele

Lifti ya katikati ilikwama baina ya ghorofa ya saba na ya nane saa mbili na dakika kumi asubuhi, ikiwa imebeba watu kumi na mmoja na keki moja ya ofisini. Jengo lilikuwa na benki chini, mawakili katikati na zahanati mbili juu, na saa hiyo kila mtu alikuwa anachelewa mahali. Mama mmoja alianza kusali kwa sauti. Mwanamume wa suti ya kijivu alibonyeza vitufe vyote kwa zamu, kama mtu anayepiga kinanda asichokijua. Kisha spika ndogo iliyokuwa juu ya mlango ikakohoa.

"Hodi humo ndani," ilisema sauti ya kiume.

"Karibu," alijibu mwanamke aliyebanwa mlangoni. "Pita tu, hatujafunga."

Lifti nzima ilicheka. Hata aliyekuwa anasali alipumzika kidogo.

"Nani huyo mwenye nyumba?"

"Mimi mpangaji tu. Mwenye nyumba ni wewe uliyetufungia."

"Basi vumilieni, wapangaji wangu, nipeni dakika ishirini. Kuna mtu ana hofu?"

"Sote. Ila bwana wa suti anabonyeza kila anachokiona."

"Mwambie aache, asije akatushushia benki."

Dakika ishirini zikawa arobaini. Sauti ile haikukatika hata mara moja. Iliuliza keki ni ya nani, ikauliza nani amevaa viatu vya kubana, ikaeleza kwamba kamba za lifti ni sita na moja peke yake inatosha kuwabeba wote. Ni sheria ya mafundi wa lifti: waliokwama huongeleshwa mpaka wa mwisho atoke, kwa sababu mtu akiachwa na kimya hufanya mambo ya ajabu. Mwanamke yule hakuijua sheria hiyo. Alidhani sauti inaongea naye yeye.

Mlango ulipofunguliwa, sakafu ya lifti ilikuwa juu ya sakafu ya ghorofa kwa kimo cha kiuno. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona fundi kilikuwa jozi ya viatu vya njano.

"Kumbe ile sauti inavaa njano," alisema, akampa mkono ashuke.

Mwanamke yule alikuwa mtaalamu wa viungo katika zahanati ya ghorofa ya tisa, na wagonjwa wake walimwita Mnyooshaji. Umri wake miaka thelathini na mitatu. Alivaa sare ya samawati iliyokolea yenye mshono mweupe shingoni, na nywele alizibana nyuma kwa ukali, kana kwamba nazo zilikuwa na kosa. Fundi alikuwa mrefu, mwenye ovaroli ya kijivu, kidevu kilichonyolewa asubuhi hiyo, na saa aliyoivaa upande wa ndani wa kifundo cha mkono ili isikwaruzwe na vyuma. Alimwachia namba ya simu, akasema ni ya dharura.

Siku ya tatu Mnyooshaji alipiga.

"Fundi, kuna tatizo."

"Lifti gani?"

"Si lifti. Kuna mtu amekwama ghorofa ya tisa, hana wa kula naye mchana."

"Huyo ni abiria wa dharura. Nakuja na vifaa."

"Vifaa gani?"

"Vijiko viwili."

Tangu siku hiyo Fundi alimwita Abiria. Kwa miezi minane walipendana kama watu waliochelewa, kwa haraka na kwa furaha. Alimpigia simu kutoka ndani ya mashimo ya lifti, sauti ikirudi mara mbili kwa mwangwi: "Abiria wangu, niko ghorofa ya kumi na nne, nakuona mpaka hapo." Naye alimjibu, "Huoni lolote, mwongo mkubwa wewe. Shika kamba kwa mikono miwili." Kila siku ilikuwa hivyo, isipokuwa Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa ya mlima. Mlima ule ulisimama nyuma ya mji, mwamba mtupu usio na mti kuanzia kiunoni, na Fundi alikuwa kiongozi wa kikundi cha watu waliokuwa wakiupanda kila wiki. Mnyooshaji hakuwahi kualikwa.

Aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji wa magauni ya harusi. Dada huyo alikuwa ameachwa mara mbili, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

"Miezi minane, mdogo wangu," alisema akiwa na pini tatu mdomoni. "Jumatatu mpaka Ijumaa ni wako. Jumapili analala. Mwanamume anayekugawia siku, kuna mwingine anayegawiwa zilizobaki."

"Dada, ni kikundi cha mlima. Wanapanda mawe."

"Na yule katibu wao wa kilemba chekundu, uliyenionyesha kwenye picha? Yeye naye anapanda mawe?"

"Una roho mbaya."

"Nina macho. Nikuambie kitu? Usimsikilize mwanamume anavyosema. Muweke mahali ambapo lazima achague, halafu mtazame miguu inaelekea wapi."

Mnyooshaji alicheka. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea.

Wiki mbili baadaye Fundi alimpigia mapema, kabla ya kazi. "Abiria, Jumamosi hii twende wote."

"Leo ndiyo umenikumbuka?"

"Nilikuwa nangoja magoti yako yakomae."

"Magoti yangu yanafundisha magoti ya watu."

"Basi vaa viatu vya maana. Vile vya njano viache vipumzike."

Walikuwa watu kumi na wanne chini ya mlima siku hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katibu alikuwapo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kilemba chekundu kichwani, filimbi shingoni, na mkoba mgongoni uliovimba kuliko wa mtu yeyote. Alimkumbatia Mnyooshaji kwa nguvu. "Hatimaye! Tumekusikia mpaka tumechoka."

Njia ilianza kwa vichaka, ikaingia kwenye mteremko wa changarawe uliokuwa ukitiririka chini ya nyayo, kisha ikawa mwamba. Walipanda kwa muda wa saa tatu. Kila walipogeuka, bahari ilikuwa imepanda pamoja nao. Mwanzo ulikuwa ukanda mwembamba nyuma ya maghala, kisha ghuba nzima, kisha meli saba zilizotia nanga zikiwa ndogo kama punje, na ukuta wa bandari ukiwa umepigwa mstari mweupe wa povu. Upepo ulinukia chumvi na jiwe lililopata jua. Fundi alitembea mbele akiwa na fulana nyeupe na kamba ya bluu begani, na kila mara aligeuka kumtazama. Mnyooshaji hakumbuki kuwa na furaha kama ile kabla ya siku hiyo, wala baada yake.

Hatua arobaini kabla ya kilele palikuwa na ukingo mpana ambapo kikundi kilikuwa kikisimama. Kutoka hapo mwamba ulisimama wima. Desturi yao ilikuwa moja: kiongozi hutangulia na mtu mmoja, anayeitwa mshika kamba. Wawili hao huifunga kamba juu, na wengine hupanda baada ya robo saa. Kila mtu alijua maana ya robo saa hiyo. Hapo ndipo wachumba walipochumbiana, na waliogombana walipopatana. Mnyooshaji alikwisha kujipangusa vumbi, akaifunga vizuri skafu yake ya kijani.

"Leo mshika kamba ni Katibu," alisema Fundi.

Katibu alicheka. Fundi naye alicheka, kicheko kifupi, macho yao yakakutana na kuachana haraka. Wengine walitazama pembeni. Wote walikuwa wanajua jambo.

Mnyooshaji alisimama pale upepo ukimpiga skafu usoni. Alikuwa mtu wa viungo. Aliijua kila kano ya kifundo cha mguu kwa jina, alijua inavyochanika, alijua mgonjwa anavyolia na mahali anaposhika. Alipiga hatua moja kwenye jiwe lililolegea, akaanguka upande, akapiga kelele.

Hakuna daktari ambaye angemkamata. Alishika sehemu ya nje ya kifundo cha kulia, chini kidogo ya mfupa. Alipumua kwa vipande. Fundi alipomgusa, mguu aliurudisha nusu sekunde kabla ya kuguswa, kama wafanyavyo walioumia kweli.

"Umevunjika?"

"Kano. Imechanika. Nimeisikia."

Vijana wawili wenye nguvu walijitokeza. "Tutamteremsha sisi, kiongozi. Ninyi malizeni."

"Sitaki kubebwa na watu nisiowajua," alisema Mnyooshaji. Alimtazama Fundi. "Nataka wewe."

Katibu alimshika Fundi mkono. "Lakini leo ndiyo—"

"Endeleeni na safari," Fundi alimkatiza, akaivua kamba ya bluu begani na kumpa. "Kila mtu apande kama tulivyopanga. Mimi nashuka naye." Akachuchumaa mbele ya Mnyooshaji. "Panda, Abiria."

Akapanda mgongoni.

Kwa nusu saa ya kwanza alikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote mjini. Fulana ya Fundi ilikuwa na joto. Chini yao ghuba ilimetameta. Alikuwa amechaguliwa, mbele ya watu, na kilemba chekundu kilikuwa kimeachwa juu na kamba yake.

"Bado panauma?" Fundi aliuliza.

"Panauma."

"Mimi mzito?" aliuliza yeye baadaye, akimchezea sikio.

"Lifti inabeba kilo mia nane, hailalamiki."

"Na wewe?"

"Mimi sina maandishi mlangoni. Bado panauma?"

"Panauma, mpenzi."

Baada ya saa moja Fundi aliacha kutania. Baada ya saa moja na nusu alianza kupumua kwa mdomo. Alipumzika mara tatu, na kila alipomshusha aliuliza, na kila alipouliza Mnyooshaji alitafakari. Angewezaje kusema sasa? Angesema imepona vipi? Uongo ulikuwa umeshashuka nusu ya mlima. Ulikuwa rahisi kuufikisha chini kuliko kuurudisha juu. Alijua goti linavyopokea uzito wa watu wawili kwenye mteremko. Alifundisha hilo kila Jumatatu. Aliliona goti la kushoto la Fundi likitetemeka.

Kwenye changarawe Fundi alisimama. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

"Bado panauma?"

"Sana," alisema Mnyooshaji.

Hatua ishirini mbele, changarawe iliteleza, mguu ukazunguka peke yake, na goti likalia kama ukuni mbichi. Walianguka wote wawili. Fundi hakupiga kelele. Mnyooshaji alisimama ili aende kwenye kituo cha walinzi kutafuta msaada, na hata hapo alikumbuka kuchechemea.

Jioni, kwenye benchi la hospitali, alimpigia dada yake.

"Alinichagua, Dada. Alimwacha yule pale pale."

"Umeona? Sasa umejua. Yeye yuko wapi?"

"Wanampasua goti."

Daktari wa mifupa alikuta kano mbili zimechanika na gegedu limepasuka. Aliunganisha alichoweza. Goti lingetembea, alisema, lakini halingepanda: si mlima, wala ngazi za chuma ndani ya shimo la lifti. Kampuni ilimhamishia Fundi kwenye meza, akawa anapokea kengele za waliokwama na kuwapigia simu mafundi wenye magoti. Daktari aliandika vipindi ishirini vya mazoezi, na kwa kuwa Mnyooshaji ndiye aliyekuwa bora mjini, akampeleka kwake.

Kuanzia kipindi cha kwanza Fundi hakumwita tena Abiria. Alilala juu ya meza ya mazoezi, akakunja na kukunjua alivyoambiwa, akashukuru, akaondoka. Mnyooshaji alidhani ni maumivu. Dada yake alidhani ni aibu. "Mwanamume mzima amekuwa karani wa kengele," alisema. "Mpe muda. Akishazoea, atakuoa. Nani mwingine atamtaka?"

Siku ya kipindi cha kumi na mbili, asubuhi, Katibu alikuja zahanati. Hakukaa.

"Fundi alinikataza," alisema. "Nimevumilia miezi miwili. Mimi nina mume na watoto watatu, mdogo wangu, na kuna maneno ya dada yako yamenifikia. Kwa hiyo tazama, kisha uyarudishe yalikotoka."

Akampa simu. Ilikuwa picha ya kilele. Juu ya jiwe bapa palikuwa pametandikwa kitambaa cheupe, kikazuiwa na kokoto pembe nne. Maua yalikuwa katikati. Nyuma yake palikuwa na bahari tu, bluu mpaka mwisho wa macho. Hapakuwa na mtu katika picha.

"Nilibeba maua yale mkobani kwa saa tatu ili yasivunjike," alisema Katibu. "Robo saa ile ilikuwa nikatandike, niandae kamera, kisha yeye ateremke akuchukue. Pete alikuwa nayo mfukoni. Watu kumi na wawili tulitandika hata hivyo, tukakaa tukakitazama kitambaa kile. Kisha tukakikunja."

Mchana Fundi alipofika, Mnyooshaji alifunga mlango wa chumba cha mazoezi na kusimama mbali na meza.

"Nina neno la kukuambia. Kifundo changu hakikuumia."

"Najua," alisema Fundi. Alikuwa anakunja mguu wa suruali, hakuacha.

"Katibu amekuambia?"

"Katibu hajui. Mimi najua tangu siku ile."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipanda mgongoni. Ulijisukuma kwa mguu wa kulia. Mwenye kano iliyochanika hawezi kujisukuma hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha, wakati unanisimulia wagonjwa wako."

Mnyooshaji alisogea karibu na meza. "Ulijua, ukanibeba saa zote zile?"

"Nilikuuliza mara tisa. Kila nilipouliza nilijiambia: akisema hapaumi, namgeuza hapa hapa, tunarudi juu, tunacheka, namuuliza lile nililopanga kumuuliza. Mara ya tatu nilikuwa bado nataka kucheka. Mara ya sita sikutaka tena. Pale kwenye changarawe goti lilikuwa limeshaanza kunicheza, nikakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Kwa nini hukuniweka chini?"

"Kwa nini hukushuka?"

Nje, mtu alikuwa anapiga chapa barua.

"Ulikuwa unanipima," alisema Mnyooshaji, na sauti yake ilikuwa na hasira. Hakujua ameitoa wapi.

"Na wewe ulikuwa unanipima. Tofauti yetu ni moja tu. Wewe ulipata jibu zuri."

"Unanichukia?"

"Hapana. Ingekuwa chuki, ningekuwa nimepona."

"Nitakutafutia mtaalamu mwingine."

"Wa nini? Wewe ndiye bora. Goti langu halina ugomvi na wewe." Akalala juu ya meza, akatazama dari. "Vimebaki nane baada ya hiki. Anza."

Akaanza. Kazi yake ilitaka amuumize ili apone, na kila kipindi alimuumiza kwa kipimo, kwa digrii, mikono yote miwili ikiwa juu ya goti alilolivunja. Alijaribu kumpigia simu jioni. Fundi alipokea kila mara. Alijibu kwa adabu, kama anavyowajibu waliokwama: aliuliza kama yuko salama, akamwambia avute pumzi, na hakukata simu mpaka yeye akate. Hilo ndilo lililomliza. Mwishowe aliacha kupiga.

Siku ya kipindi cha ishirini Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na koti la bluu mkononi. Kampuni ilikuwa imempa meza katika mji mwingine, naye alikuwa amekubali. Basi lake lilikuwa la saa tisa.

Mnyooshaji alipima goti, akajaza fomu ya kumruhusu mgonjwa. Mstari wa mwisho wa fomu ulikuwa ule ule kwa wagonjwa wote wa goti, na alikuwa ameusoma kwa mamia ya watu: mgonjwa apige goti la mguu uliotibiwa, akae hivyo sekunde thelathini bila kushika kitu, kisha asimame mwenyewe. Aliusoma kwa sauti.

"Hapa?" aliuliza Fundi.

"Hapo kwenye mkeka."

Mkeka ulikuwa mbele ya miguu yake, na chumba hakikuwa na nafasi ya kusogea. Fundi alilaza koti kitini. Alishusha goti la kushoto polepole, akanyoosha mgongo, akainua uso kumtazama, maana hapakuwa na pengine pa kutazama. Mnyooshaji alibonyeza saa.

Sekunde ya kumi na mbili, mpokezi wa zahanati alisukuma mlango akiwa na faili. Aliona shati jeupe, mwanamume chini, mwanamke amesimama na machozi. Akatupa faili.

"Jamani!" alipiga kelele, akaufunga mlango, na mbio zake zikasikika ukumbini. "Jamani, njooni! Amempigia goti! Mnyooshaji wetu anaolewa!"

Shangwe ililipuka nje. Wagonjwa waligonga magongo sakafuni. Mtu alianza kupiga makofi na wengine wakamfuata.

"Sekunde ngapi?" aliuliza Fundi.

"Ishirini na moja."

Alikaa zile tisa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, lakini hakutikisika. Kisha alisimama bila kushika ukuta wala mkono aliokuwa amenyooshewa, akachukua koti lake.

"Nimeweza?"

"Umeweza."

"Basi andika."

Alifungua mlango. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama kwa ajili yake, na waliokuwa na mikono miwili mizima walikuwa wanapiga makofi. Mzee wa gongo alimshika bega. "Hongera, kijana. Umepata mke." Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima. "Asante, mzee," alisema, akapita katikati yao, akichechemea kidogo sana, kiasi ambacho ni mtu wa viungo tu angekiona.

Mnyooshaji aliketi. Wakati wanamwita atoke nje wamwone, alijaza mstari wa mwisho kwa mwandiko wake mzuri, mgonjwa amepiga goti bila msaada, akaweka tarehe, akatia sahihi.